Kata Tano za Baridi, Moja ya Moto

Hebu nikuulize wewe unayenisikiliza: ukichukua kata tano za maji ya baridi na kata moja ya maji ya moto, ukazimwaga zote kwenye beseni moja, utaoga maji ya namna gani? Usijibu haraka. Mjukuu wangu alijibu swali linalofanana na hilo haraka, naye yuko kidato cha pili, na kwa ajili ya jibu lake dada yangu aliondoka Kemondo hatujamaliza kusalimiana.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili. Jina langu naliandika, na kitabu nasoma nikifuata kwa kidole. Haya unayoyaona hapa mimi nasema, mjukuu anaandika, na nimemwambia asiruke pale anapoaibika yeye. Amecheka. Lakini kalamu inatembea, naiona.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Dada yangu, ambaye ni mkubwa kwangu, aliolewa Kemondo akazeekea huko huko karibu na bandari. Mimi nilibaki huku juu Ijumbi, kwenye kibanja cha baba, na migomba yake na mibuni yake. Tulikuwa tunaonana Krismasi, Pasaka, na kwenye misiba. Sasa miguu yake imeanza kuvimba na watoto wake wote wako Mwanza, wakaamua kumchukua akakae nao. Kusafiri kwa basi hawezi, akikaa siku nzima kwenye kiti miguu inakuwa kama mashina ya migomba. Wakamtafutia nafasi kwenye boti ya mizigo inayopeleka ndizi Mwanza, akae kwenye kiti chake, akitaka anyooshe miguu. Boti ingeng'oa nanga Jumamosi, saa nane mchana.

Akanipigia simu. Akasema, "Njoo tuagane. Na uniletee kahawa ya mama."

Kahawa ya mama ni ya kutafuna. Wahaya tunaijua, akamwani. Unachuma buni ingali mbichi, unaichemsha na majani ya kunukia, unaianika mpaka ikauke, halafu mgeni akija unampa punje mbili tatu kabla ya neno lolote. Nyuma ya nyumba yangu kuna mbuni aliopanda mama kwa mkono wake. Umezeeka, umeinama, lakini bado unazaa kidogo. Dada alitaka ya mbuni ule, siyo ya dukani. Akasema kule Mwanza mgeni akija atampa nini, soda?

Nikachuma Jumatano, nikachemsha, nikaanika. Alhamisi kukawa na wingu. Ijumaa jua likatoka kidogo. Ijumaa jioni naibonyeza, bado ina unyevu ndani. Ukiifunga hivyo inaota ukungu kabla haijafika hata Kamachumu. Ilihitaji jua la Jumamosi asubuhi, walau mpaka saa tano.

Hapo ndipo hesabu ilipoingia.

Usafiri wangu ulikuwa pikapu ya jirani. Jirani yangu huyu ni mtu mzima, ananunua ndizi anazipeleka Kemondo kila Jumamosi, ndizo zinazopakiwa kwenye boti ile ile. Anazunguka vijijini kwenye barabara ya vumbi akiokota mikungu iliyowekwa kando ya njia, halafu anatokea Kagoma kwenye lami, anashuka Kemondo. Jioni hiyo ya Ijumaa alipita kuniambia nijiandae, anaondoka saa tatu asubuhi.

"Saa tatu kahawa haijakauka," nikamwambia.

"Mimi nikitoka saa tatu nafika saa sita," akasema. "Napakua, nakula, nasubiri pesa yangu. Kila Jumamosi ni hivyo."

Mjukuu alikuwa amekaa kizingitini anamenya ndizi. Akainua kichwa. "Masaa matatu? Kwa kilomita ngapi?"

Jirani akamwambia kwamba kwa namba za kilomita kwenye gari lake, huku kwenye vumbi na kuzunguka kwake kote ni kilomita thelathini, na lami mpaka Kemondo thelathini nyingine. Sijui kama ni kweli. Gari lake lina mambo yake, lakini namba hizo anaziamini.

"Na mwendo?" mjukuu akauliza.

"Huku kwenye vumbi, ukiweka na kusimama kupakia, kumi na mbili kwa saa. Kwenye lami sitini. Zaidi ya hapo ndizi zinaumia."

Mjukuu akafuta utomvu wa ndizi mikononi, akaenda kuchukua daftari. Akaandika, akakata, akaandika. Mimi nilikuwa nageuza kahawa kwenye mkeka lakini jicho langu lilikuwa kwake, kwa sababu napenda kumwona mtoto akifanya kitu nisichokiweza.

"Bibi," akasema, "tunatafuta mwendo wa wastani. Kumi na mbili jumlisha sitini ni sabini na mbili. Gawa kwa mbili ni thelathini na sita. Njia yote kilomita sitini. Sitini gawa kwa thelathini na sita, saa moja na dakika arobaini."

"Wastani ndiyo nini?"

"Ni mwendo mmoja unaosimama badala ya ile yote. Kama vile gari lingekwenda sawasawa tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Gari lake?" nikasema. "Halijawahi kwenda sawasawa."

"Kwa hiyo," akaendelea, hakunisikia, "mkitoka saa tano mnafika saa saba kasoro dakika ishirini. Unakaa na bibi mkubwa saa nzima na zaidi."

Jirani akamtazama. "Mimi naenda njia hiyo kila wiki mwaka wa tisa huu. Masaa matatu."

"Mjomba, wewe unasimama kupiga soga."

"Nasimama, ndiyo. Soga nimeshaziweka kwenye ile kumi na mbili."

"Hesabu haiwezi kukataa, Mjomba."

"Haya mwalimu," akasema jirani. "Daftari ni lako, gari ni langu, safari ni ya bibi yako. Bibi aseme."

Na mimi nikasema saa tano. Nisimsingizie mtoto kila kitu. Hesabu yake ilinifaa, maana ilinipa masaa mawili ya jua. Ningekuwa sina kahawa mkekani ningemwamini jirani. Nilibeba ndizi kichwani miaka yote ile kabla ya haya magari, ningeshindwa kujua kwamba kupanda mlima ndiko kunakomaliza mchana? Nilijua. Nikanyamaza kwa sababu jibu lilikuwa tamu.

Jumamosi saa tano kahawa ikawa tayari, inalia ukiitikisa mkononi. Nikaifunga kwenye jani kavu la mgomba, nikakaza kwa kamba ya mgomba, nikavaa kitenge changu cha kanisani. Tukakaa mbele watatu, mimi katikati, mjukuu dirishani na daftari lake na simu ya mama yake ya kutazamia saa.

Barabara ya juu ilikuwa imeachwa na masika, imebaki mifereji na mawe. Jirani aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Anasimama, anapakia mikungu mitatu, anakwenda. Anasimama tena. Sikuwa na haraka. Nilikuwa na hesabu ya kidato cha pili mfukoni.

Kona ya kwanza kubwa kulikuwa na mzee mmoja amekaa barazani kwake karibu kabisa na njia. Ni mzee aliyemjua baba yangu. Gari likiwa tupu unaweza kujifanya hukumwona. Gari likiwa na mimi, na mimi nikiwa na kitenge cha kanisani, haiwezekani. Nikasema simama. Na huku kwetu binti hasalimii mzee akiwa juu ya gari. Ilibidi mjukuu ashuke, apite nyuma ya gari, apige magoti kwenye vumbi, asalimie, aitikiwe, aulizwe ni mtoto wa nani, aseme, aulizwe shule, aseme. Ndipo zamu yangu. Tukaulizana nyumba, watoto, migomba, mvua iliyokatika mapema. Mzee akatoa kahawa yake, nikachukua punje mbili. Huwezi kupewa kahawa ukaitupia mdomoni ukakimbia. Unaitafuna hapo, mnaongea.

"Dakika kumi na mbili," mjukuu akasema aliporudi kwenye gari, anakung'uta magoti.

"Alikuwa mgonjwa, amefupisha," nikamwambia.

Mbele kidogo tukakutana na mama mmoja niliyepata naye komunyo ya kwanza, anatoka shambani. Naye alitaka kujua kwa nini dada anahama, na nani atakaa kwenye nyumba yake, na kwa nini boti na siyo basi. Mjukuu akapiga magoti tena. Nikaona amesimama kwa goti moja kama mtu anayetaka kukimbia, nikamkazia macho, akateremsha la pili. Dakika kumi na tatu hizo, nasikia. Yeye ndiye aliyekuwa anazishika.

Tulipotokea Kagoma kwenye lami, jirani akazima gari akaangalie kamba za mzigo. Mjukuu akaangalia simu. Halafu akaangalia daftari. Halafu akaangalia simu tena.

"Saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa nane kasoro dakika tano."

"Si ulisema saa saba kasoro tungekuwa tumefika?"

Alikuwa anaandika kwenye goti. Kilomita thelathini kwa mwendo wa kumi na mbili. Nikamwona anaandika mbili, nukta, tano, anaizungushia duara.

"Bibi, vumbi peke yake ni masaa mawili na nusu," akasema. "Lami ni nusu saa. Jumla masaa matatu."

Jirani alikuwa amerudi kwenye usukani. Aliwasha gari tu, lakini kwa namna ya mtu anayesema.

"Sasa ile saa moja na dakika arobaini ilitoka wapi?" nikauliza.

"Nilijumlisha miendo miwili nikaigawa kwa mbili. Kama vile tungekaa kwenye kila mmoja muda sawa. Njia ni nusu kwa nusu, lakini muda siyo nusu kwa nusu." Akafunga daftari. "Na salamu sikuziweka kabisa."

Nikampigia dada. Akapokea mtoto wake wa kiume aliyekuja kumchukua. Akasema mama ameshapanda, ndizi nyingine zimeshapakiwa, mwenye boti anasubiri mzigo wa jirani kidogo lakini hatasubiri sana, ziwa likichafuka jioni ni taabu. Nikamwambia tuko Kagoma. Akasema, kwa ile heshima yetu ya Kihaya, "Waitu mama mdogo, kimbieni."

Nikamwambia jirani akimbie.

"Nikikimbia nafikisha uji badala ya ndizi," akasema. Lakini akakanyaga kidogo.

Mjukuu akasema, taratibu kama anayeongea na dirisha, "Hata akienda themanini, tunaokoa dakika saba na nusu tu. Zile tulizopoteza juu hazirudi huku chini."

Nakwambia hilo nililielewa bila daftari. Lami ilikuwa nzuri, migomba inapita, ziwa linaonekana upande wa kulia kisha linajificha. Gari lilikuwa linakwenda vizuri kuliko siku yote, na halikuwa linasaidia kitu.

Tulifika Kemondo saa nane na dakika ishirini. Boti ilikuwa imefunguliwa kamba. Ilikuwa bado karibu, mtu mwenye mkono mzuri angetupa jiwe likafika, lakini maji yalikuwa yameshaingia katikati. Mwenye boti alikuwa amechoka kusubiri. Mikungu ya jirani ikabaki kwenye gari, na yeye hakunilaumu, ingawa alikuwa na haki. Aliiuza pale bandarini kwa bei aliyoipata.

Dada alikuwa nyuma ya boti, kwenye kiti cha plastiki, amezungukwa na ndizi kama mtu aliyekaa shambani kwake. Akaniona. Akainua mkono.

Mimi ni mdogo wake. Nikapiga magoti pale pale kwenye mawe ya gati, na magoti yangu haya siku hizi yanataka kuombwa. Mjukuu akapiga magoti pembeni yangu bila kuambiwa, na safari hii yote mawili kwa mpigo. Nikamsalimia dada kwa Kihaya kwa sauti yote niliyonayo. Akaitikia. Akaniuliza nyumba ikoje, nikasema ipo. Akauliza watoto, nikasema wapo. Akauliza migomba. Nikasema inazaa. Nikamwuliza miguu, akasema ameinyoosha. Zamu yake ikawa kuuliza kibanja cha baba, nikamwona mdomo unafunguka, na hapo injini ikaongezwa moto. Sikusikia alichouliza. Nilijibu hivyo hivyo kwamba kipo, lakini yeye naye hakusikia. Alikuwa ameweka mkono sikioni.

Salamu zetu zina mpangilio. Ukiishia katikati unabaki kama mtu aliyesimama mlangoni, hajaingia, hajatoka. Nilikuwa bado nimeishika ile kahawa. Ilikuwa imekauka vizuri sana.

Boti ikawa ndogo. Mjukuu akanishika kwapani akaniinua.

Kurudi tulirudi gari likiwa jepesi, halisimami kupakia, na wale wa kusalimiwa walikuwa wameshasalimiwa. Njiani mjukuu hakuwa na raha. Nikataka aongee, nikamwambia anifundishe kingine, hicho kimeshaharibika. Akasema kuna mwendo na kuna velositi. Velositi inataka kujua na upande unaokwenda. Ukienda mahali ukarudi pale pale ulipotoka, velositi yako ya wastani kwa safari nzima ni sifuri.

"Sifuri?"

"Sifuri, Bibi. Kwa sababu umeishia ulipoanzia."

"Kwa hiyo tangu asubuhi mimi nimekaa nyumbani."

"Kwa velositi, ndiyo."

"Mwambie mwalimu wako aje aulize mgongo wangu," nikasema, na jirani akacheka mpaka akapunguza mwendo.

Lakini nililifikiria. Kahawa ya mama ilitoka nyumbani kwangu, ikaenda kilomita sitini, ikarudi kilomita sitini, na jioni ile ikawa nyumba ile ile, nikaiweka darini. Kwa kahawa, mwalimu alikuwa sahihi.

Jua lilikuwa halijazama nilipotaka kuoga vumbi. Mjukuu akanichemshia maji. Mimi sipendi mtoto alale na kosa lililokunjwa. Nikamwambia lete beseni, lete kata, mwaga kata tano za baridi. Akamwaga. Sasa mwaga moja ya moto. Akamwaga.

"Tia mkono. Ni ya katikati?"

Akatia. "Hapana. Yamepata uvuguvugu kidogo tu."

"Umechanganya mbili, baridi na moto. Kwa nini yasiwe katikati?"

"Kwa sababu baridi ni nyingi."

"Basi."

Akabaki ameinama juu ya beseni, mkono ndani ya maji. Nikaona kitu kinapita usoni kwake. Akakimbilia daftari na mikono yenye maji. Nusu saa ya lami, akasema, ni kata moja. Masaa mawili na nusu ya vumbi ni nusu saa mara tano, kata tano. Kumi na mbili mara tano, sitini. Ongeza sitini ya lami, mia na ishirini. Gawa kwa kata sita.

"Ishirini," akasema. "Wastani ulikuwa ishirini, Bibi. Kilomita sitini kwa ishirini ni masaa matatu. Ya Mjomba yale yale."

Hapo mimi nilifurahi kweli, nisiseme uongo. Nilifurahi kuliko ningefurahi kama angepata Ijumaa. Mwanamke wa darasa la pili amesimama uani na kanga ya kuogea, na hesabu ya kidato cha pili imekaa ndani ya beseni lake. Nikamwambia aandike kwamba ni mimi. Akaandika. Nasikia alipoipeleka shuleni mwalimu aliuliza beseni linatoka wapi.

Dada yuko Mwanza sasa. Simu tunapigiana kila Jumapili, lakini salamu ile hatujaimalizia. Simu siyo mahali pake. Mmoja apige magoti wapi, na nani amwone? Yeye husema, "Ulinijibu nini siku ile kuhusu kibanja?" Mimi namwambia, "Subiri." Anasema miguu yake haisubiri sana. Namwambia kahawa iko darini, imefungwa, naigeuza kila wiki.

Mjukuu alikuwa ananisikia nikisema hivyo Jumapili iliyopita. Simu ilipokatika akaja akakaa chini karibu na miguu yangu, na daftari, kama kawaida yake. Akasema likizo ya mwezi wa kumi na mbili atanipeleka Mwanza mwenyewe, na kahawa. Akasema safari hii ataanza na masaa, mwendo utakuja baadaye, na vumbi atalihesabu peke yake na maji ya ziwa peke yake. Na kila mtu wa kusalimiwa, tangu hapa mlangoni mpaka kwenye kiti cha dada, atampa dakika zake kumi na tano kabla hata gari halijawashwa.